Maneno ya Udongo katika Michezo ya Watoto Wadogo

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa udongo una aina ngapi, hujibu upesi kwamba ni tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Jibu hilo ndilo lililomo vitabuni, na kwa kadiri yake ni sahihi. Lakini majina hayo matatu, yakitazamwa kwa jicho la mtu wa lugha, hayafanani hata kidogo. La kwanza limetokana na jina la kitu, yaani mchanga, ambao watu wa Mombasa huuita mtanga. La pili lina shina moja na kitenzi -tifua, maana yake kuuvuruga udongo uliolala hata ukawa mwepesi na kutimka vumbi. La tatu kwa asili si jina la udongo, bali ni jina la mtu: mfinyanzi ni yule afinyangaye vyungu. Udongo uliokuwa ukiitwa udongo wa mfinyanzi umepoteza kiungo chake vinywani mwa watu na katika kurasa za vitabu, na sasa mtoto husoma "udongo mfinyanzi" kana kwamba udongo wenyewe ndio ufinyangao.

Basi katika majina matatu, mawili yametokana na kazi ya mikono. Jambo hili lastahili kuangaliwa kuliko lilivyoangaliwa mpaka sasa. Ujuzi wa udongo katika Kiswahili haumo sana katika majina. Umo katika vitenzi, na vitenzi hivyo mtoto huvipata kabla hajaandikishwa shule, hali amechutama uani au ufukoni, mikono yake imejaa tope. Aingiapo darasani na kupewa yale majina matatu, hupewa sehemu ndogo tu ya elimu ambayo mwenyewe amekwisha kuianza. Na mara nyingi hapana mtu amwonyeshaye kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Mchezo ulio mwepesi kuliko yote ni ule wa kifuu cha nazi. Mtoto wa pwani hujaza kifuu mchanga, hukipindua, kisha hukiinua taratibu ili aone kama "andazi" lake litasimama. Mchanga ukiwa mkavu, humiminika na kutawanyika. Ukiwa umelowa chepechepe, huinama na kutambaa chini. Ukiwa na unyevu wa kadiri, husimama, na alama za kifuu huonekana ubavuni mwake. Sababu yake yajulikana: maji machache hufanya utando mwembamba baina ya chembe na chembe, na utando huo huzivuta chembe zikashikamana, maji yakizidi, utando hupotea na chembe huelea, yakikosekana, hapana cha kuzivuta. Mtoto wa miaka minne hawezi kuyasema hayo. Lakini baada ya kupindua vifuu kumi huwa ameijua ile kadiri, na akitumwa alete mchanga "wenye maji kidogo" huleta ule ufaao. Yafaa kukumbushwa hapa kwamba neno rutuba, ambalo leo watu wengi hulitumia kwa maana ya nguvu ya ardhi ya kuzalisha mimea, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyevu, na maana hiyo ya kwanza imo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Maana moja imezaa nyingine, wala mtu alimaye hashangai.

Katika mchezo wa baba na mama udongo hugeuka chakula. Vumbi ni unga, tope ni ugali, majani ni mboga, na vijiwe vitatu ni mafiga. Hapo ndipo mtoto ajifunzapo kutenda kwa mpango: huchekecha vumbi kwa tambara au kwa kikopo kilichotobolewa, huondoa changarawe, humimina maji kidogo kidogo, hukanda, hubumba, huviringisha, hufinya. Vitenzi hivi vyote ni vya jikoni na vya mfinyanzi pia. Udongo ukanatao vidoleni bila kuchukua umbo, maji yamezidi. Ukimeguka uviringishwapo, maji hayatoshi, au udongo wenyewe una mchanga mwingi. Mtoto mkubwa humwambia mdogo, "Huu haushiki, kachukue ule wa kule chini," na kwa maneno hayo machache huwa amemfundisha kwamba udongo wa mahali hapa sio udongo wa mahali pale.

Kuna methali isemayo: Udongo uwahi ungali maji. Watu huitumia kwa habari ya malezi, na hivyo ndivyo ielezwavyo kila mahali. Lakini kabla ya kuwa fumbo ni habari ya kweli juu ya udongo, na mtu asiyepata kuushika udongo wa mfinyanzi ukikauka mikononi mwake hupokea fumbo bila ya kile kinachofumbwa. Kadhalika watu husema kwamba fulani na fulani wanatupiana madongo, maana yake wanapigana kwa maneno ya kuchoma. Mtoto aliyepata kupigwa dongo bichi mgongoni hahitaji kuelezwa.

Vijijini ambako nyumba hujengwa kwa fito na udongo, mchezo huungana na kazi. Siku ya kukandika, watu wazima hukanyaga tope kwa miguu, na watoto huingia humo kwa furaha. Kisha hupewa madonge madogo wajaze nafasi za chini wanazozifikia. Kukandika si kupaka, wala si kutomea. Anayekandika hujaza udongo katika kiunzi cha fito. Anayetomea huziba matundu ya ukuta kwa vijiwe na udongo au chokaa ili uso wake ukae sawa. Anayepaka humaliza kwa mkono au kwa kibao. Tofauti hizi huhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ya saruji. Kwa mtoto wa nyumba ya udongo ni mambo matatu aliyoyaona kwa siku tatu mbalimbali.

Michezo yenye kanuni nayo ina masomo yake. Katika rede, wasichana wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na aliye katikati hukwepa huku akijaza chupa mchanga. Ushindi wake wategemea mchanga sawa na wepesi wa miguu: mkavu huingia chupani kama maji, mbichi hukwama shingoni. Katika mdako, mchezaji hurusha kijiwe juu, na kabla hakijaanguka huvuta vingine kutoka katika kishimo. Kishimo hicho hakichimbwi popote. Katika mchanga kingo zake humomonyoka, na katika udongo uliopasuka vijiwe hupotea nyufani; kwa hiyo watoto hutafuta ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watu, agharabu karibu na kizingiti au chini ya mti wa kivuli. Wachezao bao la mashimo ya ardhini hufanya vivyo hivyo.

Kitenzi -momonyoka chastahili kusimamishwa kidogo, maana katika habari hii hapana mfano bora zaidi. Mtoto ajengaye boma la mchanga mbele ya maji ya bahari huona mambo kadha wa kadha, na Kiswahili kina neno kwa kila moja. Wimbi dogo likilamba chini ya ukuta, chembe huondoka kidogo kidogo: ukuta wamomonyoka. Kipande kikitengana na mwili wake, kimemeguka. Sehemu ya juu, iliyokosa cha kuishikilia, ikishuka yote kwa mara moja, imeporomoka. Boma zima likianguka, limebomoka, maana lilikuwa limejengwa. Na mguu wa mwenzake ukizama katika mchanga uliojaa maji, umedidimia. Wataalamu wa kilimo walipohitaji jina la ule uharibifu wa mvua na upepo uchukuao udongo wa juu wa mashamba, walipata mmomonyoko, na neno hilo likakubalika bila shida. Leo hutumiwa na mkulima, mwalimu na mtangazaji wa redio. Halikukubalika kwa sababu liliamriwa. Lilikubalika kwa sababu kila aliyelisikia alikuwa amekwisha kuiona picha yake. Wala halikuchaguliwa poromoka, ijapokuwa matokeo yake huwa makubwa zaidi machoni. Maana udongo wa shamba huondoka kwa siri, punje kwa punje, na mwenye shamba hutambua baada ya miaka.

Mfano mwingine ni wa sarufi. Mtoto apandaye mbegu ya kunde mchezoni hufukua kishimo, hutia mbegu, kisha hufukia. Vitenzi -fukua na -fukia vina mzizi mmoja, na tofauti ya maana imo katika irabu moja tu: -u- hufunua na -i- hufunika. Mwalimu wa sarufi akitafuta mfano wa kauli ya kutendua hukimbilia -ziba na -zibua, au -funga na -fungua, na mifano hiyo ni mizuri. Lakini jozi hii ya udongo hutendwa kwa mkono ule ule, mahali pale pale, mmoja baada ya mwingine. Yaelekea mtoto huusikia upinzani wa irabu hizo siku ile ile aonapo mbegu ikitoweka machoni pake. Kadhalika hujifunza kutofautisha -fukua na -chimba. Mchanga na udongo uliokwisha kulegea hufukuliwa kwa mikono. Ardhi ngumu huchimbwa kwa jembe au kwa kijiti.

Sasa yafaa kuuliza kama elimu hii ya mikononi ni elimu kweli, au ni mchezo tu uliopambwa kwa maneno. Jibu lapatikana kwa wataalamu wa udongo wenyewe. Mtaalamu aendapo shambani bila vyombo vya maabara, huchukua kiasi cha udongo, hukilowesha, hukikanda, hukibumba kiwe donge, kisha hukisukuma baina ya kidole gumba na cha shahada kifanye utepe. Udongo usioshika donge ni mchanga. Utepe ukikatika mapema, mfinyanzi ni kidogo. Ukiendelea kurefuka bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Utaratibu huo ulichorwa hatua kwa hatua na S. J. Thien mwaka 1979, na hata leo hufundishwa vyuoni. Mtu ausomapo, akiweka kando istilahi zake, huona ni mchezo wa maandazi ya tope uliopewa kanuni.

Hali ni hiyo katika jaribio la chupa. Watoto hupenda kuvuruga udongo katika maji na kungoja yatuame. Kwanza hutua mchanga, nao hauchelewi. Juu yake hutanda tabaka laini. Na maji hubaki na wingu lisilokwisha hata kesho yake. Tofauti hii ni ya ukubwa wa chembe. Mchanga una chembe za milimita 2 hadi 0.05, na zile za mfinyanzi hazifiki milimita 0.002. Katika chombo chenye kina cha sentimita 10, chembe ya mchanga mwembamba hufika chini kwa muda usiozidi dakika moja, lakini chembe ya milimita 0.002 huhitaji saa 8 hivi. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili, -tuama, na kina jina la kile kilichobaki chini, mashapo. Mtoto aambiwaye "subiri maji yatuame" huwa amepewa neno, jaribio na saa ya kungoja kwa pamoja.

Zaidi ya hayo, sayansi ya udongo ya Afrika ya Mashariki ilipata kujifunza kwa maneno ya wenyeji. Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, alionyesha mwaka 1935 kwamba udongo wa nchi hizi hufuatana kwa utaratibu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kila kimoja kikishikana na mwenzake kama pete za mnyororo. Akaupa mfuatano huo jina la Kilatini, catena, lenye maana hiyo ya mnyororo, na jina hilo limeenea duniani kote. Mtoto achungaye mbuzi kutoka juu kwenda chini huukanyaga mnyororo huo kila siku: mchanga au changarawe juu, wekundu kati, na chini udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kung'ang'ania nyayo wakati wa masika. Huo mweusi uliingia katika maandishi ya Kiingereza ya wataalamu kwa jina la mbuga. Wasukuma walikuwa nalo jina hilo pamoja na mengine, kama luseni kwa udongo wa mchanga wa miteremko. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba katika Kiswahili cha leo mbuga humkumbusha msikilizaji simba na tembo kabla ya kumkumbusha udongo.

Kuna ushahidi wa upande mwingine. Mwaka 1941 Jean Piaget na Bärbel Inhelder walitoa kitabu juu ya fikira za watoto kuhusu wingi wa vitu. Katika majaribio yao, mtoto huonyeshwa madonge mawili ya udongo yaliyo sawa. Moja huviringishwa likawa refu kama soseji, kisha huulizwa kama udongo bado ni sawa. Walio wadogo husema umeongezeka au umepungua, na wengi hawalijui jibu la haki mpaka wafikapo miaka 7 au 8. Lakini mwaka 1969 Price-Williams, Gordon na Ramirez walitangaza majaribio kama hayo waliyoyafanya Meksiko, na watoto wa wafinyanzi, waliozoea kuufinyanga udongo nyumbani, walijibu vema kuliko wenzao wa rika moja, hasa katika swali hilo la wingi wa udongo. Mtu asikimbilie kusema kwamba mambo ni hayo hayo kila mahali. Hata hivyo kando ya Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi ni mashuhuri kwa vyungu vyao, mtu mwenye kuchunguza lugha na akili ya watoto angepata mahali pa kazi ya miaka.

Wako wapingao, na hoja yao ni nzito. Udongo una maradhi. Mayai ya minyoo ya askarisi huingia kwa mdomo, minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu mitupu, na tekenya, ambaye hakuenea Afrika kabla ya miaka ya 1870, huzaliana katika vumbi la sakafu na viwanja. Watoto wengine hula udongo, hasa ule wa vichuguu, na uchunguzi wa Wenzel Geissler na wenzake katika Kenya ya magharibi miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wale walao udongo hupatwa tena na askarisi zaidi ya wasiokula. Mama amkatazaye mwanawe kuchezea tope karibu na choo hana kosa. Dawa ya minyoo, viatu, maji ya kunawa na uchaguzi wa mahali pa kuchezea ni sehemu ya mchezo wenyewe, wala si mambo ya kuongezwa baadaye. Lakini kusakafu uwanja mzima wa shule ya awali kwa saruji, kama ifanywavyo katika miji mingi ili watoto wasichafuke, ni kuondoa maradhi pamoja na kitabu. Na kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima nchini Tanzania, uwanja huo si jambo dogo tena: watoto wengi watapitisha humo saa zao za asubuhi, mbali na uani kwao.

Kwa watunga kamusi shida ina sura yake. Kwa desturi kitomeo cha udongo hupewa fasili na mifano ya majina, na vitenzi hutawanywa kwa alfabeti, kila kimoja mahali pake, bila kiungo. Hivyo mtu atafutaye -tifua haelekezwi kwenye tifutifu, wala atafutaye -momonyoka hapelekwi kwenye -meguka na -poromoka ili aone mipaka yao. Kamusi ya watoto, hata kama ni ndogo, ingeweza kufanya kinyume: kuanza na tendo, kuonyesha mkono ukitenda, kisha kuleta jina. Waandishi wa vitabu vya awali nao wangeanza na udongo unaoshika na usioshika, unaonata na usionata, unaonywa maji upesi na unaoyatuamisha juu, kabla ya kufika kwenye yale majina matatu.

Pengo moja lingeonekana mara. Baina ya mchanga na mfinyanzi kuna chembe za kati, zile zitandazo laini juu ya mchanga katika jaribio la chupa na ziletwazo na mafuriko ya mito. Jina lake halijazoeleka kwa wengi. Wengine husema tope, wengine mashapo, na wako waitao tifutifu, jambo ambalo huchanganya mambo mawili; maana tifutifu ni udongo uliochanganyika chembe za kila namna, wala si chembe ya namna moja. Udongo wa chembe hizo ukiwa mkavu ni laini vidoleni kama unga. Ukilowa huteleza bila kunata sana, nao utepe wake hukatika upesi. Watoto wachezao baba na mama huuita unga, na ndio wautafutao kwa "ugali" wao, kwa kuwa hauna changarawe. Jina la udongo wa unga lingefaa kujaribiwa, kwanza kwa kuwauliza watoto wa mabonde ya mito, kama Rufiji na Tana, wanauitaje wenyewe.